Mkunga Si Ndugu Yake: Maswali Yenu Kuhusu Hagifishi

Makala iliyopita ilihusu nyangumi akifa akazama, na wale wanaomfikia mwanzo huko chini. Hagifishi niliwapa aya moja. Barua zilizokuja hazina habari na nyangumi: zote zamtaka hagifishi, samaki mrefu wa rangi ya waridi au kijivu, asiye na taya wala mfupa hata mmoja, anayetoa ute wa kujaza ndoo. Haya. Nimechagua zenye maana, pamoja na chache zisizo na maana ambazo zimejirudia mpaka sina budi kuzijibu ili zikome.

Maalim, si huyo ni mkunga tu? (Wasomaji wengi mno, kuanzia Malindi mpaka Faza)

La.

Nimetumiwa video ya lori limepinduka, magari yamefunikwa kamasi nyeupe barabara nzima. Chini imeandikwa ni njia ya Mombasa kuja Malindi. Ni kweli? (Msomaji, Malindi)

Tizama magari yanapita upande gani wa barabara, kisha uniambie kama hapo ni Kenya. Ni Marekani, jimbo la Oregon, barabara kuu nambari 101 inayofuata pwani, Julai 13, 2017. Lori lilikuwa limebeba hagifishi hai wapatao kilo 3,400 waliokuwa wakipelekwa kusafirishwa kwenda Korea. Dereva alishindwa kusimama kwa wakati, makontena yakaanguka, samaki wakamwagika juu ya lami na juu ya magari, na kila mmoja akafanya kile afanyacho hagifishi anapobughudhiwa. Ilibidi waletwe wazimamoto na mabomba ya maji na tingatinga la kusukuma ute pembeni.

Tukio ni la kweli, mahali ni uongo. Mtu aliyeandika yale maneno ya chini alijua watu hawatatizama usukani uko wapi. Nawaomba kabla ya kumtumia mtu wa pili, mtizame.

Nimetega dema huku Mayungu, nikatoa kitu kirefu, hakina magamba, chateleza. Nilipokipandisha kikajifunga fundo. Wenzangu wanasema ndiye huyo hagifishi wako. Kimeniuma kidole. (Mvuvi, Mayungu)

Sentensi yako ya mwisho imelimaliza swali. Hagifishi hana taya. Ana mabamba mawili yenye safu za meno ya keratini, yaani mali ileile ya kucha zako, ambayo huyatoa nje, akayakunja na kukwangua nyama kuivuta ndani. Kukushika kidole akakubana hawezi. Aliyekuuma ni mkunga, na mkunga ndiye kinyume chake kabisa: ana taya za mbele unazozijua, na kooni ana jozi ya pili inayoruka mbele kuja kulivuta windo, jambo lililoonyeshwa wazi na watafiti mwaka 2007. Mmoja hana taya, mwenzake ana jozi mbili, na nyinyi mnawaita ndugu kwa sababu wote wawili wanateleza.

Hilo la fundo nalipenda, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu. Kweli hagifishi hujifunga fundo kwa mkia akalisukuma kuelekea kichwani. Hufanya hivyo kujisafisha ute, kujinasua akishikwa, na kupata nguvu ya kung'oa nyama kwenye mzoga, maana asiye na taya lazima apate pa kujiegemeza. Mkunga naye hujifunga fundo kwa sababu hiyohiyo ya kung'oa nyama. Kila mmoja amefika hapo kwa njia yake. Mwili mrefu usio na magamba unapotaka kuvuta kitu bila mikono, fundo ndilo linalobaki. Kazi inayofanana haileti ukoo, na kama ingeleta basi popo angekuwa binamu wa kunguru.

Kuhusu mahali: hagifishi hapendi maji ya moto. Spishi nyingi zinakwepa maji yanayozidi nyuzi 22, na hata kusi ikivuma maji yetu ya juu hayapoi kiasi hicho. Kusini kwa bara, Afrika Kusini na Namibia, kuna spishi yenye matundu sita ya matamvua kila upande, nayo hupanda hadi kwenye maji yanayofikiwa na wapiga mbizi, kwa sababu bahari ya kule ni baridi. Katika bahari za joto, wanaoishi hukaa chini kabisa kwenye giza na baridi. Dema lako la Mayungu haliwezi kumpata.

Sasa ambayo hukuuliza. Kidole kioshe kwa maji safi mengi na uende hospitali, kwa sababu jeraha la mkunga huoza upesi. Mkunga mkubwa usile kwa pupa, maana baadhi yao hukusanya sumu ya mwani kutoka kwa samaki waliowala, na sumu hiyo haimalizwi na moto wala ndimu. Na mwambie huyo kijana unayeshinda naye mashuani asishike kila kirefu chenye sharubu akidhani ni hagifishi: kambare mdogo wa baharini mwenye mistari, anayetembea kwa makundi, ana miiba ya sumu mgongoni na ubavuni. Akichomwa, mkono uingie kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kisha hospitali.

Naomba picha. (Nimezipata nyingi)

Sitoi picha. Mna simu.

Mwalimu wetu ametufundisha kwamba hagifishi si mnyama mwenye uti wa mgongo, bali ni "kabla ya" hao. Kitabu nilichosoma maktaba kinamweka ndani ya wenye uti wa mgongo. Kwenye mtihani niandike lipi? (Mwanafunzi wa chuo, Kilifi)

Hatimaye swali. Kaa chini.

Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi, alipopanga viumbe vyote alimweka hagifishi kwenye minyoo, hata si samaki. Alitizama umbo. Kiumbe kirefu, laini, bila macho ya kuonekana, amekutwa ndani ya tumbo la samaki mfu: mnyoo. Baadaye Bloch, Mjerumani, akamrudisha kwa samaki. Mwaka 1806 Duméril, Mfaransa, akamweka pamoja na lamprei, yule samaki wa mito na bahari anayejibandika kwenye samaki wengine na kunyonya damu. Wote wawili hawana taya, wote wana midomo ya duara na tundu moja tu la pua, na ulimi wenye meno. Kundi hilo likaitwa siklostomu, nalo likatulia kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Katika miaka ya 1970 wakaja wataalamu waliopima kwa orodha: lamprei ana vipande vya pingili za uti wa mgongo, hagifishi hana. Lamprei ana macho yenye lenzi, hagifishi hana. Lamprei ana misuli ya kuzungusha macho, hagifishi hana. Lamprei anaweza kurekebisha chumvi ya damu yake, hagifishi hawezi. Basi wakahitimisha kwamba lamprei yuko karibu zaidi na sisi wenye taya, na hagifishi alijitenga mapema, kabla uti wa mgongo haujapatikana. Ndiyo maana neno "wenye fuvu" likaletwa vitabuni, ili apatikane mahali pa kumtia kiumbe mwenye fuvu la gegedu asiye na pingili. Notisi za mwalimu wako zinatoka huko. Hazikuwa za kipumbavu zilipoandikwa.

Lakini tizama ile orodha. Yote ni "hana". Na mtu asiye na kitu ni mmoja kati ya wawili: ambaye hakuwahi kuwa nacho, au aliyekuwa nacho akakipoteza. Ukimtizama tu huwezi kuwatofautisha. Nyoka hana miguu, na hakuna anayesema alijitenga kabla miguu haijapatikana.

Jeni zilipoanza kusomwa miaka ya 1990, zilimrudisha hagifishi kwa lamprei. Wanaotizama umbo wakakataa. Mwaka 2010 ukaja utafiti wa vipande vidogo vya RNA vinavyoongoza jeni: hagifishi na lamprei wana vya pamoja ambavyo wanyama wengine hawana. Mmoja wa watetezi wakubwa wa upande wa pili, Philippe Janvier, aliusoma akakubali. Mwaka uliofuata Wajapani wakachunguza viinitete vya hagifishi wa pwani yao na kukuta kwenye mkia, chini ya notokodi, yaani ule ufito laini wa mgongoni, vinundu vya gegedu vilivyo mabaki ya pingili. Mwaka 2019 kikaelezwa kisukuku cha hagifishi, yaani mabaki yake yaliyohifadhiwa kwenye mwamba, kutoka Lebanoni chenye umri wa karibu miaka milioni 100, chenye hata alama za kemikali za tezi za ute, nacho kikakaa vizuri kwenye ukoo uleule. Na mwaka 2024 jenomu ya hagifishi, yaani jeni zake zote, ikatolewa nzima. Mizani ya kesi imekwisha kulala upande mmoja.

Kwa hiyo: hagifishi na lamprei ni tawi moja, siklostomu. Tawi lingine ni wenye taya: papa, taa, jodari, mkunga, kunguru, ng'ombe, wewe. Matawi yote mawili yamo ndani ya wanyama wenye uti wa mgongo. Mkunga wa Mayungu yuko karibu na wewe kwa nasaba kuliko alivyo karibu na hagifishi.

Kwenye mtihani andika hoja zote mbili, uonyeshe ipi ilishinda na kwa ushahidi gani. Msahihishaji akikukata maksi, nenda na kitabu chako umwone, kwa adabu. Lakini usiniandikie tena neno "duni", ambalo umelitumia mara mbili kwenye barua yako na nimelifuta. Kiumbe ambaye ukoo wake una miaka zaidi ya milioni 300, mwenye spishi kama 80 leo, na silaha ambayo papa hana jibu lake, ni duni kwa kipimo gani? Hata kinga yake ya mwili ameijenga kwa protini tofauti kabisa na za kwetu, na inakumbuka maradhi kama yetu inavyokumbuka. Tabia hii ya kupanga viumbe ngazi kwa ngazi, binadamu juu na wengine chini wakisubiri zamu yao, haikutoka kwenye ushahidi, na inanichosha.

Ni kweli ana mioyo minne? (Msomaji, Watamu)

Ana mmoja wa kusukuma damu kwenda kwenye matamvua kama samaki wengine, na pampu nyingine za kusaidia: kwenye ini, kichwani, mkiani. Damu yake ni nyingi kwa mwili wake na mgandamizo wake ni mdogo sana, ndiyo maana anahitaji wasaidizi. Ukihesabu pampu zote, sema minne.

Ute unatoka wapi kwa wingi hivyo, na mbona haumkabi mwenyewe? (Mwalimu wa shule ya msingi, Shela)

Kila upande wa mwili, kutoka kichwani hadi mkiani, ana safu ya tezi. Ndani ya tezi kuna seli za aina mbili: zenye kamasi, na zenye uzi. Huo uzi ndio maajabu. Kila seli, ambayo ni ndogo kuliko chembe ya mchanga wa Shela, ina uzi mmoja wa protini unaofika sentimita 10 hadi 15, umeviringwa ndani kama kamba ya nanga kwenye chombo cha nahodha mwenye nidhamu, bila kujitia tata. Akiumwa au akibanwa, tezi za mahali pale tu humwaga. Seli zinapasuka kwenye maji ya bahari, kamasi inavimba, nyuzi zinafunguka na kuinasa. Yote kwa chini ya nusu ya sekunde.

Wengi mnadhani anabeba ndoo ya ute tumboni. Anachotoa ni kidogo. Karibu yote unayoyaona ni maji ya bahari yaliyotegwa na ule wavu wa nyuzi. Ndiyo maana ukiunyanyua ute kwa mkono maji yanachuruzika na mkononi unabaki na kitu kidogo kama utando.

Kazi yake ni kuziba matamvua. Mwaka 2011 watafiti wa New Zealand walitoa picha za kamera walizoshusha na chambo. Papa anakuja, anamwuma hagifishi, na papo hapo anaachia, mdomo wazi, anatikisa kichwa na matamvua yamezibwa. Hagifishi anaendelea kula kana kwamba hakuna aliyepita. Ngozi yake pia imelegea, haikushikana na nyama, kwa hiyo meno hata yakipenya ngozi mara nyingi mwili huteleza pembeni. Yeye mwenyewe akijikuta ndani ya ute hufunga lile fundo na kulipitisha mwilini kujikamua, na puani akiziba hupiga chafya. Ukimfungia kwenye chombo kidogo cha maji na ute wake asiweze kujisafisha, atakufa kwa kukosa hewa. Si mchawi.

Mimi nauza samaki hapa Lamu mjini. Huyo samaki yuwaliwa? Na ni halali? (Mama, Lamu)

La halali, Bi, wapelekee masheikh. Hapo Lamu hamjawahi kupungukiwa. Mimi nakujibu la jikoni. Wakorea wanamla sana, hasa Busan: humchuna ngozi, wakamkata vipande, wakamkaanga juu ya moto na pilipili na vitunguu. Nyama yake ni ngumu kidogo na ina utafuno.

Ngozi ndiyo biashara nyingine. Zile pochi laini zinazouzwa ng'ambo kwa jina la "ngozi ya mkunga" ni hagifishi. Mnaona? Hata wauza pochi. Jina la mkunga linauzika, la hagifishi halina mnunuzi, basi mnunuzi anadanganywa na samaki anaibiwa hata ngozi yake.

Umeuliza kuhusu kula, nakuongezea kuhusu kuuza. Samaki hawa walipopungua kwenye maji ya Korea na Japani, wanunuzi walivuka bahari wakaenda pwani ya magharibi ya Marekani, na kwingineko baadaye. Hagifishi jike hutaga mayai machache, makubwa, ishirini au thelathini hivi, kila moja na vijindoana vya kushikana na mwenzake. Samaki wa mayai machache hastahimili mnunuzi mwenye haraka. Sisi tumeliona hilo kwa jongoo wa pwani: alikuja mtu na bei nzuri, vijana wakapiga mbizi, na leo muulize mpiga mbizi wa Kizingitini anamwona jongoo wa maana mara ngapi. Siku akija mtu na bei nzuri ya kitu cha kina kirefu ambacho hapa hakijawahi kuuzwa, muulizeni kwanza alikotoka walikwisha vipi.

Nimeuziwa chupa ya "ute wa samaki wa ajabu" wa kufuta makovu. Inafaa? (Msomaji, Malindi)

Umeibiwa. Nyuzi za hagifishi zinachunguzwa maabara kwa ajili ya vitambaa na nguvu yake, kwa kuwa ni nyembamba mno na imara. Dawa ya makovu haikutoka humo. Kilichomo chupani sikijui na wewe hukijui, kwa hiyo kisiguse uso.

Kwa nini yuko kipofu? (Mtoto wa darasa la sita, barua iliyoandikwa vizuri kuliko za wakubwa)

Mwanangu, si kipofu kabisa. Ana macho madogo yasiyo na lenzi, kwa baadhi yao yamefunikwa na ngozi, na kwa wengine yamezama chini ya misuli. Yanatambua mwanga na giza, basi. Kazi kubwa inafanywa na pua na zile sharubu mdomoni. Lakini mababu zake walikuwa wakiona vizuri zaidi: kisukuku cha hagifishi wa Illinois, Marekani, chenye miaka milioni 300 hivi, kilikutwa na rangi ya retina machoni, rangi ambayo hagifishi wa leo hana. Kwenye giza la chini ya bahari macho ni gharama isiyo na faida, yakapungua kizazi baada ya kizazi. Mwonyeshe jibu hili yule mwanafunzi wa Kilifi ukikutana naye.

Ni kimelea? Nasikia huingia ndani ya samaki aliye hai. (Msomaji, Ngomeni)

Si kimelea. Hula mizoga, huwinda minyoo na samaki wadogo matopeni, na akikuta samaki amenasa kwenye wavu, hana pa kukimbilia, ataingia kwa mdomo au kwa nyuma na kumla kutoka ndani. Wavuvi wa nchi za baridi wanamchukia kwa hilo. Akiwa ndani ya mzoga hali kwa mdomo peke yake: mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba ngozi yake na matamvua yake hufyonza chakula kilichoyeyuka.

Yule silikanti aliyenaswa Malindi mwaka 2001, naye ni wa kale. Ni ukoo mmoja na hagifishi? (Mzee, Malindi)

Shikamoo, Mzee. Hapana. Silikanti ana taya, ana mifupa, na mapezi yake yana nyama na mfupa ndani kama mkono. Kwa nasaba yuko karibu nasi kuliko alivyo karibu na jodari. Kamongo wa mtoni yuko karibu nasi zaidi hata yake.

Lakini nafurahi umemkumbusha, kwa sababu aliletwa juu na meli ya kukokota nyavu, na kama mabaharia wangemtupa baharini kama takataka tusingejua kwamba pwani yetu inaye. Enyi mnaofanya kazi kwenye meli hizo: kikija juu kitu kirefu, laini, bila taya, na matundu ya matamvua yamepangwa ubavuni, kitieni kwenye barafu, andikeni kina na mahali, na mkipeleke KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Msikiite mkunga kwenye daftari.

Je, mafuriko ya Sabaki yanaweza kumvuta akaingia mtoni? (Msomaji, Malindi)

Angekufa kabla hajafika darajani. Chumvi ya damu yake ni sawa na ya bahari, na hana namna ya kuilinda ikikutana na maji matamu.